Majani ya Kilimahewa

Tawi la kwanza nililikata kwa kisu cha jikoni, alfajiri ya Jumatatu, nikiwa nimejifunga kitenge juu ya nguo za kazini. Mparachichi ule niliupanda mwenyewe mwaka tuliohamia, na ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kuzaa. Nililivuta tawi mpaka likachunika na ganda, nikaliburuta hadi kwenye lami, nikalilaza nyuma ya lori ambalo halikuwa na ubovu wowote. Kisha nikarudi pembeni, nikafuta mikono, nikasubiri uongo wangu ufanye kazi.

Ulifanya kazi. Lori lililofuata lilikuja taratibu, dereva akaona majani, akafunga breki hatua kumi na tano nyuma. Katika nafasi ile ilipita bajaji ya kwanza kutoka mtaani kwetu, ikapita ya pili, wakapita walimu na wanafunzi wao, na mimi nikapanda ya tatu. Siku hiyo nilifika ofisini saa moja kamili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka uliotangulia.

Anayejua barabara zetu hahitaji kuelezwa majani yana maana gani. Gari likiharibika, dereva anakata matawi, anayalaza barabarani nyuma ya gari lake, na kila anayekuja anapunguza mwendo na kumpa nafasi. Pembetatu za kuakisi zipo, na sheria inazitaka, lakini pembetatu huibwa. Majani hakuna anayeyaiba. Mume wangu Danford, dereva wa malori ya Zambia na Kongo, alinieleza hayo tukiwa bado wachumba.

"Majani ndiyo mdomo wa dereva," alisema. "Kwenye mafuta tunadanganyana, kwenye mizigo tunadanganyana, hata wake zetu tunawadanganya. Kwenye majani, hapana."

Nilimuuliza hilo la wake limeingiaje. Alicheka mpaka chai ikampalia.

Kilimahewa ni mtaa wa nyumba sitini na kitu, juu ya kilima, upande wa kushoto unapokwenda Tunduma ukitokea Vwawa. Hakuna aliyezaliwa pale. Tulikwenda kwa hesabu moja tu: dakika kumi na mbili kwa bajaji mpaka kwenye geti la mpaka. Kodi za mjini zilikuwa zinatutoa roho, na kelele za mjini zilikuwa zinatunyima usingizi, basi tukanunua viwanja kilimani, tukafyatua tofali, tukaezeka bati. Mafundi cherehani, walimu, wauza vitenge, makarani kama mimi wa ofisi za kutoa mizigo forodhani. Asubuhi tulishuka wote, jioni tulipanda wote, na mchana mtaa ulibaki na kuku na vikongwe. Kulikuwa na barabara moja tu ya kutokea, ya vumbi, inayokutana na lami chini ya mparachichi wangu. Nilikipenda kile kilima. Nakipenda hata leo.

Kisha foleni ikarefuka. Zamani malori yaliyosubiri kuvuka yaliishia huko huko mjini. Mwaka mmoja kabla ya majani yalipita shule, yakapita kanisa, na asubuhi moja tukaamka tukayakuta chini yetu, bampa kwa bampa, yameziba mdomo wa barabara yetu kama kizibo cha chupa. Dereva wa foleni haachi pengo, maana akiliacha mwenzake atalichomekea. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akaandika barua, na barua ikajibiwa kwa barua. Penye nia pana njia, wanasema. Sisi nia tulikuwa nayo tele, njia ndiyo ilikuwa imezibwa.

Juni ya mwaka huo Nesta alishikwa na uchungu. Nesta ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, mwanamke mdogo mpole kutoka Isongole, aliyeolewa na Isaka fundi cherehani. Isaka alileta bajaji, nami nikapanda kumshikilia mke wake. Tuliposhuka tukakuta malori mawili yamebanana, hata mbuzi asingepita, na madereva wamekwenda kunywa chai. Isaka alikimbia huku na huku akipiga milango ya malori matupu. Mtoto alizaliwa ndani ya bajaji, hatua hamsini kutoka kwenye lami, kitovu kimemzunguka shingoni. Mimi ndiye niliyempokea na sikujua la kufanya. Alikuwa wa kiume. Alipumua kidogo, akaacha.

Machi iliyofuata Nesta alikuja jikoni kwangu, akawa ananisaidia kuchambua maharage. Macho yake hayakutoka kwenye ungo.

"Mama Aida, nina mimba tena. Ya Julai."

"Mungu mkubwa."

"Naogopa barabara kuliko uchungu."

Mjini hakuwa na ndugu wa kumpokea akasubirie huko. Nikamwambia mtoto huyu atatoka Kilimahewa akiwa tumboni, na atazaliwa hospitali kwenye mikono ya watu wanaojua kazi yao, hata kama italazimu nilisukume lori kwa mabega. Nilisema kwa sauti ili na mimi nijisikie. Jumatatu iliyofuata ndipo nilipochukua kile kisu.

Baada ya wiki mbili akina mama wote walikuwa wanakata. Tulipangiana zamu. Matawi yalipokauka tulileta mabichi, kwa sababu dereva hujua majani ya jana. Mparachichi wangu ukabaki kichwa tu, shina limekuwa jeupe huko chini, na sikuujutia. Kila nilipomwona Nesta anapita na tumbo lake, nilihesabu wiki nikasema tumeweza.

Danford alirudi kutoka Zambia mwezi wa Mei. Aliliegesha lori yadi, akapanda na bodaboda, na hakuingia ndani. Nilimkuta amesimama chini ya mti, anautazama.

"Majani yale ya nani, Getruda?"

"Ya kwangu."

"Lori gani limeharibika?"

Aliweka begi chini. Danford si mtu wa kupaza sauti, na siku ile aliongea chini zaidi.

"Nimekuwa barabarani miaka kumi na sita. Naomba uyatoe."

"Nionyeshe njia nyingine, nitayatoa leo leo. Wewe hukumshika yule mtoto."

Kweli hakumshika. Akasema neno moja tu, kwamba njia ya mwongo ni fupi, akaingia ndani kuoga. Nilijiona nimeshinda.

Wiki ya tatu ya Juni ukungu ulishuka, ule wa kwetu, wa kunyoosha mkono usione kidole. Forodha walikuwa wamefanya kazi usiku kucha na foleni ilikuwa imeisha. Barabara ilikuwa tupu, malori yanapita kwa mwendo. Nilikuwa nachemsha maji ya kuoga niliposikia kishindo chini ya kilima. Hakukuwa na mlio wa breki. Hakuna aliyekuwa amefunga breki.

Hatua mia mbili kabla ya njia yetu, lori lilikuwa limekatika propela, ule mtaimbo wa kuzungusha magurudumu ya nyuma. Dereva wake, Mabula, kijana wa kutoka bonde la Momba ambako wazazi wake wanafuga, alikuwa amefanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alikuwa amekata matawi, tena mengi, akayalaza mafungu matatu. Kisha akaingia chini ya lori na spana. Lori lililokuja nyuma liliyapita mafungu yote matatu bila kupunguza mwendo, likaligonga lori la Mabula, naye akiwa chini yake.

Tulimtoa akiwa hai. Mguu wa kushoto, sitaki kuueleza. Dereva aliyegonga alikuwa mzima, ameketi kwenye ukingo wa lami, anamwambia kila anayepita sentensi ile ile.

"Nilidhani ni yale ya akina mama. Nilidhani ni yale ya akina mama wa Kilimahewa."

Nesta alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono juu ya tumbo. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi haikunimeza. Nilirudi nyumbani nikakuta Danford amekaa mlangoni. Hakuniambia "nilikuambia."

Siku ya nne nilikwenda hospitali. Ningeweza kutokwenda. Hakuna polisi aliyeuliza juu ya majani, na Mabula hakunijua kwa sura. Nilibeba uji na maparachichi mawili ya mwisho. Mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti. Nilijitambulisha kwa jina, kisha nikamwambia ni mimi niliyekata tawi la kwanza, na kwa nini. Sikulia, nilijizuia, kwa sababu kilio kingemlazimisha anibembeleze.

Alisogeza uji pembeni.

"Mimi nililaza majani," alisema, "nikajua nimeshasema. Nikaingia chini ya gari na roho yangu safi kabisa."

"Najua."

"Huyo mama mjamzito, ameshajifungua?"

"Bado."

"Sasa mtasema na nini, mama?"

Swali lile nilirudi nalo kwenye bajaji. Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na ndiyo maana halikunitoka. Jioni ile niliwaita akina mama chini ya mti, nikawaambia majani basi. Mwenye panga na akalinolee mahindi yake. Wakaniuliza tutafanyaje, na foleni imerudi.

"Tutasimama," nikasema. "Dereva anaweza asiamini majani. Mtu aliyesimama mbele yake atamwamini."

Wengine walicheka, mmoja akauliza kama nimechoka kuishi. Asubuhi iliyofuata nilisimama peke yangu, kanga nyeupe mkononi. Ya pili tulikuwa watatu. Madereva walitutukana matusi ya lugha nne. Mmoja alishusha kioo akauliza tangu lini akina mama wamekuwa trafiki. Nikamwambia trafiki analipwa, sisi tunazibua mlango wa nyumba yetu. Akaliacha pengo, huku akisonya.

Nesta alishikwa tarehe tisa Julai, saa kumi na mbili kasoro. Nilisikia Isaka anagonga ukuta kwa ngumi, nikatoka na kanga ya kulalia, nikashuka mbio. Malori yalikuwa yanasogea. Lililokuwa mbele ya njia yetu lilikuwa limeondoka, na la nyuma lilikuwa linakuja kuziba, kubwa, namba za Zambia, moshi unapanda. Niliingia katikati, nikasimama nalo uso kwa uso.

Halikusimama. Lilipunguza, likasogea, likapunguza, kama wanavyofanya wakitaka kumtisha ng'ombe. Joto la rejeta lilinifika kifuani. Nikaweka viganja vyote viwili kwenye bampa.

"Awe, bamayo!" dereva alipiga kelele kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili: "Mama, toka! Nitapoteza nafasi!"

"Poteza!"

"Utakufa, mama!"

"Basi nifie hapa hapa kwangu!"

Nilikuwa nimeogopa. Lakini nilimkumbuka yule mtoto wa Juni, uzito wake kwenye mikono yangu, na miguu ikakataa kuondoka. Ndipo nikahisi mtu amesimama kuliani kwangu. Danford, kifua wazi, kandambili za bafuni. Hakunitazama. Aliweka viganja vyake kwenye bampa, karibu na vyangu, akamwinulia uso dereva mwenzake.

"Kaka, zima gari," alisema. "Mimi ni dereva. Nakuomba kwa mdomo."

Injini ikazima. Nyuma yetu bajaji ilipita, nikasikia sauti ya Nesta ikitaja jina la Yesu, kisha nikasikia mlio wa bajaji ukienda mbali kwenye lami. Tulibaki tumeshikilia bampa, wote wawili, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mtoto alizaliwa saa tatu asubuhi, wa kike, kilo tatu na nusu. Walimwita Atupele. Kwa Kindali maana yake Mungu ametupatia, na Nesta alitaka jina ambalo halimtaji mtu yeyote, hata mimi. Nilimwelewa.

Miaka saba imepita. Forodha wamejenga maegesho, foleni siku hizi hutufikia mara moja moja, na ikifika madereva huacha pengo wenyewe, wakubwa wakiwafundisha wadogo kwamba pale Kilimahewa wanawake wake ni wakorofi. Mabula anaziba pancha karibu na mizani. Maparachichi ya kwanza ya kila msimu nampelekea yeye. Huyapokea, ananiulizia habari za mtoto, ananipa kigoda nikae. Hajawahi kusema amenisamehe, na mimi sijawahi kumwomba aseme.

Mwezi uliopita, asubuhi ya ukungu, mtu alibisha getini. Kijana, mikono imejaa grisi, gari lake limegoma pale chini. Aliomba tawi. Hakunijua wala hakujua anaomba kwa nani. Nilisimama na ufunguo wa geti mkononi kwa muda, kisha nikaenda jikoni kuchukua kisu. Matawi ya chini yameshaota tena, mazito, na kukata lile la kwanza kulinitoa jasho. Tuliyaburuta pamoja mpaka kwenye lami, nikayalaza mwenyewe, hatua thelathini, mafungu matatu.

"Asante, mama," alisema. "Nenda tu ukajiandae na kazi. Majani yatasema."

"Nakaa kidogo," nikamwambia.

Nilisimama pembeni, kanga nyeupe mkononi, nikisikiliza. Mlio ulikuja kutoka kwenye ukungu, ukakua, kisha taa mbili. Lori lilifika kwenye fungu la kwanza, likapunguza, likawasha taa za tahadhari, likapita taratibu kwa upande wa mbali. Nikasubiri la pili. Lilipopita na la tatu vile vile, ndipo nilipokunja kanga, nikapanda kilima kwenda kuoga.