Wiki Tatu Nyuma ya Daktari Mbaka

Mwaka wa 1996 Gatwiri alikuwa amepata alama za kusomea udaktari, lakini chuo kikuu kingemwita baada ya mwaka mzima na zaidi. Badala ya kukaa Kianjai akipalilia maharagwe, aliomba kumfuata Daktari Mbaka katika hospitali ndogo ya misheni karibu na Timau, aione kazi kabla ya kuisoma vitabuni.

Wiki tatu alibeba faili na kuleta chai. Akiuliza swali, daktari alimjibu, "Utasoma chuoni."

Jumatatu moja akaletwa Mukami, mfanyakazi wa shamba la maua. Alikuwa akitapika, jasho likimtiririka na mate yakimtoka kama mtoto anayeota meno. Daktari alisimama miguuni pa kitanda, akamhoji kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha haraka. Mukami akajibu kwa Kimeru, kwa sauti ndogo. Daktari hakungoja amalize.

"Malaria. Mwekeeni kwinini."

Gatwiri aliinama. Mboni za mama yule zilikuwa zimebana, ndogo kama nukta ya kalamu.

"Daktari, anasema waliingizwa kuvuna maua kabla dawa ya wadudu haijakauka."

"Nani amekuuliza?"

"Hata yeye hakuna aliyemuuliza!"

Daktari alimwonyesha mlango.

Gatwiri alitoka, lakini hakwenda langoni. Alikwenda moja kwa moja kwa Elphas, afisa wa kliniki aliyehudumia wagonjwa wa nje, akamweleza yote bila kuvuta pumzi. Elphas alikuja mbio, akamtazama Mukami macho, akamdunga atropini ya kupambana na sumu, sindano baada ya sindano.

"Vaa glavu," akamwambia Gatwiri. "Mvue nguo, umwoshe kwa sabuni, hata nywele."

Gauni lilinuka dawa. Hapo ndipo hasira ilipompanda hasa: mtu yeyote ambaye angeinama angeinusa. Kuinama tu!

Kufikia alasiri Mukami alikuwa ameacha kutokwa na mate na kupumua kwake kumetulia. Daktari Mbaka alipita, akachukua faili, akafuta neno malaria, akaandika sumu na kutia sahihi yake. Hakumtazama Elphas.

"Ukitaka kufika mbali katika kazi hii," alimwambia Gatwiri, "jifunze kunyamaza mbele ya wakubwa."

"Nimenyamaza wiki tatu, daktari. Leo ningenyamaza, tungekuwa tunamfunika shuka."

"Kesho usije."

Kesho yake alikuja, akaketi nje ya chumba cha Elphas, uso umemkunjamana. Daktari alipita akajifanya hamwoni. Saa nne wakafika wanawake wawili wa shamba lile lile, wameshikana mikono, wanayumba. Elphas akamwita Gatwiri kwa ishara ya kichwa.

Gatwiri alivuta kigoda mpaka magoti yake yakakaribia ya yule wa kwanza. Akamuuliza kwa Kimeru alikuwa ameshika nini asubuhi ile, kisha akangoja, hata mama yule alipokawia kujibu.