Msikilizaji Aliyeinamia Simu

Jumamosi, tarehe 14 Machi, mwaka 2026, sisi wanafunzi wa kisomo cha watu wazima tulipelekwa katika chuo cha ualimu ili tupimwe kusoma. Kila mmoja wetu alipangiwa mwanachuo wa kumsikiliza. Atakayesoma ukurasa mzima bila kusaidiwa atapanda darasa; atakayeshindwa atabaki. Nilitamani kupanda kuliko nilivyotamani chakula, kwa sababu baba watoto alikuwa amekwisha kuniambia, mbele ya wakwe, kwamba kisomoni ninakwenda kupiga soga.

Darasani kwetu simu huwekwa ndani ya beseni mlangoni. Hata mwenzetu mmoja aliye mkunga, anayeweza kuitwa wakati wowote, humwomba mwalimu ruhusa kwanza. Katika chuo kile palikuwa na tangazo ukutani lililosema simu zizimwe. Chini yake palikuwa na soketi, na simu za wasomi zilining'inia hapo kwa nyaya zikichajiwa.

Msikilizaji wangu alikuwa kijana wa shati lililonyooshwa vizuri. Shingo yake ndiyo haikunyooka.

"Shikamoo, mama," aliiambia simu yake.

"Marahaba, mwanangu."

"Haya, anza."

Ukurasa ulihusu maji ya kunywa. Nilisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Mahali palipoandikwa kwamba mtoto aliharisha mpaka akazimia, kijana alicheka. Nikainua macho. Alikuwa akicheka na kioo chake. Basi nikafunga mdomo, nione.

"Enhe," akasema.

Nikanyamaza.

"Enhe, vizuri. Ila hapo usikimbie."

Mshona nguo, mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa dawati la jirani akisubiri zamu yake, akaninong'oneza, "Shoga, huyo anasikiliza au anaatamia?"

"Mwache, asije akalivunja yai."

Hatimaye kijana akazinduka. "Umemaliza? Hongera, mama. Nakupa alama zote."

"Zote za nini?"

"Za kusoma."

"Nimeishia katikati, mwanangu."

"Haina shida, mama yangu. Wewe panda darasa tu, wenzako wanangoja."

Kitu nilichokihangaikia kwa jasho alinitupia kama mfupa, bila hata kuangalia umeangukia wapi. Ningeweza kuuokota. Lakini nyumbani ningepewa barua niisome, na pale pasingekuwa na mtu wa kuitikia enhe huku akiwaza mengine. Nikanyoosha mkono, nikamwita mkufunzi wao.

"Mama huyu amesoma nini?" mkufunzi akamuuliza.

"Mambo ya afya," kijana akajibu.

"Afya ya nini?"

"Ya jamii. Kwa ujumla."

Aliutandaza uongo ule kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, akivuta huku na kule ili ufike pembeni. Na simu bado ilikuwa mkononi, ikitetemeka, naye akiichungulia. Sijapata kuona mtu mzima akidhalilika kwa hiari yake hivyo.

Mkufunzi akavuta kiti. Akatumbukiza simu yake mwenyewe mkobani, akasema, "Anza mwanzo, mama. Nakusikiliza."

Nikasoma. Safari hii kila neno lilipata mtu wa kulipokea. Nilifika karibu na mwisho, kwenye neno "vimelea", nikakwama. Alingoja. Nikajaribu tena, nikashindwa, akanisaidia.

"Utabaki muhula mmoja, mama," akasema kwa upole.

"Asante, mwalimu."

Iliniuma, sitaficha. Tulipokuwa tukitoka, mshona nguo alinivuta mkono. "Ungenyamaza, sasa hivi ungekuwa umepanda."

"Ningepandishwa na nani? Yule hajui hata kama nilikuwepo."

Muhula ujao nitarudi pale kusoma, na nitaomba nisikilizwe na mtu. Nawe uliyesoma mpaka hapa, mpe mwenzako karatasi hii naye asome, hasa kama ana mwana chuoni.