Maharagwe ya Mwalimu Joram

Maharagwe yangu nayajua. Mwaka ule wa 1954 nilikuwa nimepikia shule moja karibu na Kedowa miaka sita, na gunia nikilifunga, nalifunga kwa fundo langu mwenyewe. Kwa hivyo Jumatatu nilipokuta limefunguliwa na konzi nzima haipo, moyo wangu ulienda moja kwa moja kwa Joram, mwalimu mpya wa sayansi.

Usiniulize kwa nini yeye. Alikuwa Mkikuyu kama mimi, na siku hizo hiyo ilitosha. Lori la serikali lilipita kwenye mashamba ya chai likibeba watu wetu na blanketi zao, kuwapeleka sijui wapi. Mimi nilibaki kwa sababu Chifu Kipkemoi alinipa karatasi ya ruhusa, na akanionya: "Wamuyu, ukiona watu wanakula kiapo cha kupigana na serikali ukanyamaza, utapanda lori na watoto wako." Nina watoto wanne. Sikuwa tayari kubebwa kwa ujinga wa kijana aliyekuja juzi na soksi ndefu.

Nikaanza kumchunga. Jumanne, saa ya sayansi, akafunga mlango. Mwalimu gani hufunga mlango na jua lote lile? Nikasogea dirishani na ungo wangu, nikijifanya napepeta mahindi.

Nilichoona, kwangu kilikuwa kiapo kitupu. Wanafunzi walisimama watatu watatu, mkubwa katikati na mdogo kila upande, wameshikana mikono, na ndani ya viganja wamebana maharagwe yangu.

"Kila mkono umetoa moja," Joram alisema. "Sasa kila mshiko una mawili, na yote ni yenu pamoja. Ndiyo maana hamuachani."

Kisha akaliambia kila kundi liguse kundi jirani kwa ncha ya kidole tu. "Moto ukija, vidole hivi vitaachana. Lakini nyinyi watatu, hata jiko liwake namna gani, mmeshikana."

Sikungoja kengele. Nilivua aproni nikaenda kwa chifu, nikamweleza yote, hata habari ya maharagwe. Akaandika kwenye daftari. "Lori litapita Alhamisi," akasema. Nikarudi nyumbani nimetulia, Mungu anisamehe.

Jumatano asubuhi Joram aliingia jikoni na kibakuli. "Mama, nilichukua maharagwe bila kuomba. Haya hapa."

Nikamuuliza kwa ukali yalikuwa ya kazi gani. Akafunua sufuria yangu ya maji ya chai, yakichemka.

"Huu mvuke ni nini, mama?"

"Maji. Kwani ni nini?"

Akanionyesha matone chini ya mfuniko. Akasema maji ni chembe ndogo zisizoonekana, na kila chembe ina watatu: oksijeni mmoja, haidrojeni wawili, wameshikana kwa kuchangia walichonacho, kama wanafunzi wale na maharagwe. Chembe na chembe jirani zinavutana kidogo tu. Moto wa jiko hutenganisha majirani, na huko ndiko kuchemka. Wale watatu hauwawezi, ndiyo maana mvuke ukipoa unarudi maji yale yale.

"Na mlango?"

"Darasa la saba walikuwa wanachungulia na kutucheka."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka sita nafuta matone kwenye mfuniko ule, na hata siku moja sikujiuliza. Na sasa kijana wa watu angebebwa kesho kwa sababu ya mdomo wangu.

Nilikimbia kwa chifu na aproni kiunoni. "Chifu, nilikosea. Si kiapo. Ni maji."

"Maji?"

Nikaona afadhali nimwonyeshe. Nikawakamata mikono askari wake wawili, mmoja huku, mwingine huku. "Tazama. Mimi ndiye mkubwa, hawa wadogo. Kila mmoja ametoa chake. Hata moto uje, hatuachani."

Askari mmoja akauvuta mkono wake polepole. Chifu akalivuta daftari lake.

"Umefundishwa haya lini, Wamuyu?"

"Leo asubuhi. Jikoni."

"Mlikuwa wangapi?"

"Mimi na yeye tu."

Akalowesha penseli kwa ulimi, akafungua daftari pale palipokuwa na jina la Joram.

"Watoto wako ni wanne," akauliza, "au watano?"