Mguu wa Imrani

Jumamosi asubuhi, kwenye gereji ya Chang'ombe, fundi Batholomeo alichomoa waya wa betri ya gari la Imrani, akanywa chai, akaurudisha. Gari lilikuwa mtumba wa Japani, mojawapo ya yale yaliyoanza kumiminika Dodoma biashara ilipofunguliwa. Injini yake iliongozwa na kompyuta.

"Imesahau kila kitu, bosi," alisema fundi. "Liendeshe taratibu. Itaanza kujifunza mguu wako upya."

Imrani, karani ambaye mkuu wa idara akisafiri hujipandisha cheo mwenyewe, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Gari lilitoka likinguruma kwa juu, mlio ukishuka nusura lizime, ukipanda tena. Nyumbani mkewe Yusra alimfungulia mlango.

"Karibu, kaka. Unamtafuta nani?"

"Mimi Imrani. Mumeo."

"Aa, karibu basi."

Watoto wakaja kumwamkia, shikamoo kwa zamu. Jirani yao Joha alisema betri ikichomolewa ndivyo inavyokuwa: nyumba nayo humsahau mwenye gari. Hata shemeji yake wa Chamwino yalimkuta.

Imrani hakuwahi kuheshimiwa namna ile. Aliletewa wali na paja la kuku, kwenye kiti cha wageni. Yusra akacheka vichekesho vyake, ambavyo mara ya mwisho vilichekwa kabla ya posa. Jamani, alifurahi mpaka akatia huruma! Akaapa kimoyomoyo: safari hii watajifunza mume mwingine kabisa.

"Mama yangu yuko Kolo, kule Kondoa, hajiwezi," Yusra akasema. "Naona una gari."

"Kesho kutwa," akajibu Imrani.

Kesho kutwa kukawa na kikao. Kikao chenyewe kilikuwa yeye, kikombe cha kahawa, na gari limeegeshwa pale wapita njia wangeliona vizuri. Halafu tairi likasingiziwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: wali ukawa ugali, kiti kikarudi ukutani, vichekesho vikakosa wateja. Gari nalo likatulia. Lilikuwa limeshaujua mguu: mwepesi mbele za watu, mzito kwenye njia ya Kondoa.

Imrani hakukata tamaa. Akaazima spana, akauchomoa waya mwenyewe, akaurudisha, akaenda kubisha hodi.

Yusra alitoka na kikapu mkononi, macho mekundu. "Karibu, kaka. Utanisamehe, natoka. Mama yangu yuko Kolo, amezidiwa, na basi limejaa. Gari hilo ni lako?"

Moyo ulimuuma Imrani, kweli ulimuuma. Lakini Kolo ni vumbi tupu, na gari lilikuwa limetoka kuoshwa.

"Wiki ijayo," akasema, "inshallah."

Yusra akamtazama.

"Kumbe ni wewe, Imrani," akasema. Akajitwika kikapu, akaenda kutafuta lori.