Tangi la Kulia

Magdalena hakuwa na habari na magari. Alichokijua yeye ni mafuta ya kula, aliyoyauza sokoni Kilosa kwa miaka ishirini na mbili, na alichokijua zaidi ya mafuta ni mume wake, mzee Yeremia, fundi mstaafu wa karakana ya reli, ambaye tangu siku ya harusi yao hakuwahi kukosea hata mara moja. Si kwamba hakukosea kweli. Alikosea kama binadamu wengine, ila neno lenyewe halikuwahi kupita mdomoni mwake. Chai ikimwagika, meza imeinama. Akipotea njia, barabara wameihamisha. Magdalena alishazoea, na alimpenda mzee wake pamoja na meza zake zote zilizoinama.

Jumanne moja, kabla hajafunga kanga kwenda sokoni, simu ikaita. Alikuwa Tumwagile, binti yao wa pekee, dereva wa semi, lile lori refu la trela.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Mama, limezima tena."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi mitatu. Mara ya kwanza lilizima kwenye milima ya Iyovi. Mara ya pili likazima katikati ya hifadhi ya wanyama, na Tumwagile akakaa saa mbili kwenye kabini akitazamana na tembo ambaye naye hakuwa na haraka. Safari hii lilimgomea akiingia Mikumi mjini, limebeba mchele wa Mbeya. Ugonjwa ulikuwa uleule siku zote. Gari lina matangi mawili ya dizeli, moja kila ubavu, na injini inavuta kutoka la kushoto. Chini yake kuna bomba linaloyaunganisha ili yashuke pamoja. Sasa la kushoto lilikuwa linakauka kabisa, injini inaingiza upepo na kufa, huku la kulia limejaa, mafuta yametulia humo kama vile hayajaambiwa kuwa kuna safari. Na bomba lilishazibuliwa, likapulizwa, mwisho likabadilishwa.

"Tajiri mwenye gari amechoka," Tumwagile aliendelea. "Kuna dereva anaitwa Ditram, amepanda basi asubuhi hii kutoka Morogoro. Akifika nimkabidhi ufunguo, labda kama tutakuwa tumejua gari linaumwa nini."

Sauti yake ilikuwa kavu, haikutetemeka hata kidogo, na hapo ndipo mama yake alipojua kwamba amelia. Miaka minne Tumwagile aliliomba gari hilo. Watu walimwambia semi si ya mwanamke, na yeye alikuwa hajagonga hata mbuzi.

Alipogeuka, Yeremia alishaanza kutia spana kwenye mfuko. Magdalena akafungasha wali na kuku, akachukua na vidonge vya presha vya mzee, kwa sababu mzee mwenyewe aliamini presha yake ni makosa ya kile kipimo.

Walifika Mikumi saa tano. Gari lilikuwa limeegeshwa pembeni ya gereji, na chini yake ilionekana miguu ya fundi Mudi. Miguu ilijivuta, Mudi akatoka, akajifuta mikono.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," Yeremia alijibu, tayari ameinama. "Umeangalia pampu?"

"Pampu mpya, mzee."

"Filta?"

"Mpya."

Yeremia akagonga hapa, akasikiliza pale, akaeleza kwa nusu saa jinsi injini za treni zilivyokuwa na heshima kuliko hizi za siku hizi. Mudi alimwitikia kwa adabu. Tumwagile alikuwa akitazama barabara, upande wa Morogoro, na kila basi lililotokea lilimfanya anyooshe shingo.

Magdalena alipewa kigoda kwenye kivuli cha trela. Akaketi, akamtazama binti yake, moyo ukamuuma. Ili asikae bure akaanza kuuliza.

"Siku ile ya tembo, lilipona vipi?"

"Fundi alifungua tangi la kulia akakuta limejaa. Akasema ni filta. Akabadilisha, likawaka."

"Na kule Iyovi?"

"Fundi alifungua tangi la kulia akakuta limejaa, akasema pampu. Ilichukua saa nzima kuifunga. Likawaka."

"Na leo mmeshafungua?"

"Leo bado. Nimegonga tu, nikasikia limejaa."

Magdalena akasema, kama mtu anayejisemea, "Kumbe kila fundi kabla ya dawa yake anafungua kwanza kifuniko."

"Sasa?" Yeremia aliuliza kutoka chini ya gari.

"Sasa mimi debe la mafuta nikilitoboa tundu moja, yanatoka matone mawili yanakwama. Lazima nitoboe na la pili, pumzi iingie. Mafuta hayatoki mahali ambapo hewa haiingii, Baba Tumwagile."

"Mama Tumwagile, hili ni semi. Si debe la alizeti. Kifuniko kina tundu lake la pumzi, kimetoka nalo kiwandani."

"Mimi nimesema tu."

Lakini Mudi alikuwa ameacha kujifuta mikono. Alikwenda ubavu wa kulia, akakishika kifuniko, akakizungusha. Kilikuwa kimekaza. Kilipoachia, tangi lilivuta hewa, *fyuuu*, refu, halafu bati lake likalia kwa kishindo kama debe lililokanyagwa na kuachiwa. Tumwagile alikimbilia upande wa kushoto na kijiti cha kupimia. Alikuwa ametia dizeli ya dumu moja humo asubuhi. Akapima, akasubiri, akapima tena, na kijiti kililowa juu zaidi.

"Yanakuja!" alipiga kelele. "Mama, yanakuja yenyewe!"

"Nilijua ni pumzi," Yeremia alisema akitoka chini ya gari.

Mudi alikuwa amemwachia Magdalena kifuniko mkononi, na yeye alikuwa akikigeuza. Ndani yake kulikuwa na duara la mpira, limekatwa kwa ustadi, limebandikwa barabara, jeusi kwa mafuta; fundi yeyote angedhani limetoka kiwandani. Lilifunika kifuniko chote, na tundu la pumzi pamoja nalo. Akalikwaruza kwa ukucha. Chini ya weusi kulikuwa na bluu, na kwenye bluu nusu ya ua jeupe.

Ua hilo alilijua. Alikuwa amelikanyaga kila siku kwa mwaka mzima. Lilikuwa kwenye ndala yake ya mguu wa kulia, iliyopotea wakati wa masika.

Akakumbuka yote kwa mkupuo. Tumwagile alikuja nyumbani na gari, akalalamika kwamba mvua inaingia kwenye tangi la kulia, mpira wa kifuniko umepasuka. Yeremia akaenda na kifuniko nyuma ya nyumba, akakaa nacho mchana kutwa, hakutaka kuulizwa. Watu wa Kilosa mafuriko yamewafundisha kuziba, na Yeremia huziba kuliko wote. Kwake hakuna kinachovuja. Kesho yake ndala haipo. Magdalena alimshtaki mbwa wa jirani yake Agnesi, maneno yakawa mengi, na tangu hapo yeye na Agnesi salamu zao zilikuwa za kuokoteza.

Alilibandua lile duara haraka akalifunga kwenye pindo la kanga.

"Nini hicho, mama?" Tumwagile aliuliza.

"Uchafu."

Angefanyaje? Mzee yule alikuwa na presha, mfuko wa spana, na jina la kutokosea. Mbele ya Mudi, mbele ya mtoto wake, leo aonekane yeye ndiye aliyelitia gari ugonjwa? Magdalena aliona heri duara hilo likalale jalalani Kilosa na siri yake.

Gari liliwashwa, likanguruma bila kukohoa. Wakaliacha hivyo muda mrefu, Tumwagile akipima kulia na kushoto, na mafuta yakishuka pamoja kama ndugu waliopatana. Alikuwa anacheka sasa. Basi la Morogoro likasimama, akashuka mwanaume mpole mwenye begi dogo, akawasalimu wazee kwa heshima. Alikuwa Ditram.

Tumwagile alimpigia tajiri papo hapo, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Bwana Valentino, limepona. Kifuniko cha tangi la kulia kilikuwa kimeziba, tangi halipumui."

"Kimeziba na nini?"

"Na... uchafu."

"Uchafu gani? Umetoka wapi?" Tajiri hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Dada yangu, mara tatu nimeambiwa limepona. Kama hujui kilichoingia kimetoka wapi, kesho kitarudi. Mpe Ditram ufunguo."

Tumwagile alitazama ufunguo kiganjani mwake. Ditram aliangalia chini, akaona haya kama vile yeye ndiye mwizi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Magdalena alifungua pindo la kanga. Alishapanga la kusema: ni mimi, baba, niliona maji yanaingia nikaziba kwa ujinga wangu wa kike. Uongo mdogo, na Mungu angemwelewa. Akavuta pumzi, akasogelea simu.

"Ni mimi, baba. Mimi ndiye nili..."

Mkono wa Yeremia ulishika mkono wake. Alikuwa akitazama kile kipande cha bluu. Alikitazama kwa muda, midomo ikicheza bila sauti, kisha akaichukua simu.

"Bwana Valentino, mimi naitwa Yeremia, baba yake dereva. Kilichoziba ni soli ya ndala. Niliikata mimi, nikaibandika kwa gundi, ili mvua isimharibie mtoto mafuta. Tundu la pumzi nikalisahau. Nimekuwa fundi miaka thelathini na nne." Akameza mate. "Nimekosea."

Magdalena alihisi machozi yanakuja, akayaacha yaje. Miaka arobaini na moja alikuwa amelisubiri neno lile, na alidhani siku likija atashangilia. Kumbe alitamani tu kumshika mzee wake mkono asianguke.

"Mzee," tajiri alisema, "tangu ninunue gari hilo, wewe ni mtu wa kwanza kuniambia hivyo. Ufunguo abaki nao binti yako. Ditram, kula na wazee, urudi na basi."

Walikula wali na kuku kwenye kivuli cha trela, na Ditram alikula kuliko wote, kwa furaha ya kutomnyang'anya mtu kazi. Yeremia hakugusa. Tumwagile akaja akachuchumaa mbele yake.

"Baba, tangu uweke kile kitu, maji hayakuingia tena."

"Eti?"

"Hata tone. Masika yote."

Mzee alitafakari hilo. Akavuta sahani.

Jioni, ndani ya basi la kurudi Kilosa, Magdalena alimuuliza lililobaki. "Kwa nini yangu? Zako si zilikuwepo?"

"Zangu zilikuwa zimekwisha. Nilitaka iliyo nzuri."

Magdalena alitazama nje, akajifuta macho kwa pindo lenye harufu ya dizeli.

"Kesho asubuhi nitakwenda kwa Agnesi," alisema. "Nilimsingizia mbwa wake."

"Twende wote."

"Hapana. Hili la mbwa ni langu." Akasita. "Unaanzaje kulisema?"

Yeremia alifikiri, kwa uzito wa mtu aliyeulizwa kuhusu kazi aijuayo.

"Meza mate kwanza," alisema. "Halafu liseme lote kwa pamoja."