Fundi Aliye Chini ya Oldsmobile

...na bolti hii nayo, bolti ya mwisho ya eksozi, imeng'ang'ania kama iliyochomelewa, ameitia oili tangu jana, ameigonga, ameitukana kwa Kipolandi cha marehemu mama yake, wapi, haisogei, na Delbert Nowak amelala chali kwenye saruji ya gereji yake, chini ya gari lake kuukuu, Oldsmobile, mgongo unamuuma mpaka kwenye meno, unga wa kutu unamdondokea machoni, na pale karibu na mlango, kwenye kiti cha kukunja, amekaa mkewe Arlene na koti lake la kutokea, mkoba mapajani, anamngoja mumewe aje kumchukua. "Fundi," anaita, "we fundi, umelala humo?" Sijalala, mama, anamjibu, maana ameshachoka kusema mimi ndiye Delbert, mara ya mwisho alipolisema hilo Arlene alikimbilia kwa jirani na soksi tupu juu ya theluji, akilia kwamba kuna kizee nyumbani kwake kinajifanya mumewe, basi tangu hapo yeye ni fundi, na heri fundi, fundi anaambiwa asante, fundi analetewa kahawa, hata kama ina chumvi... na Gwen, binti yao, alipiga simu asubuhi, Baba, yale makao ya wazee yamepata nafasi, wanataka jibu leo, usiku hulali, utaanguka wewe kabla yake, naye akasema subiri kwanza, gari likiwaka tutaongea, na Gwen akauliza polepole, Baba, gari na Mama vinahusiana nini? Vinahusiana, lakini angemwelezaje mtoto, kwamba amelitoa gari hili kwenye banda la shamba la kaka yake likiwa kiota cha panya, akakata bati lililooza kwa chumvi ya barabara za Michigan, akachomelea sakafu mpya, akaishusha injini akaipandisha tena, akapiga msasa mpaka alama za vidole zikafutika, na vyote hivyo kwa ajili ya ngurumo tu, ile ngurumo ya injini kubwa za zamani inayoanzia tumboni kabla haijafika masikioni, kwamba siku itakaponguruma Arlene atageuza shingo na kusema Del, neno moja tu, Del, halafu asahau tena akitaka... kwa sababu ni gari hili lililomwoa Arlene, mji mzima wa Lansing unajua, amelisimulia kwenye kila harusi, ile Jumapili ya safari ya ziwani, vioo vimeshushwa, vijana wa kituo cha petroli wameacha kazi wanashangaa, nywele za Arlene zinapepea, na waliporudi jioni akakubali, nani angemtaka Delbert, kijana wa kiwandani mwenye masikio kama milango ya teksi iliyoachwa wazi, alilitaka gari, husema hivyo na watu huangua kicheko, na Arlene naye hucheka, au alikuwa akitazama sahani yake, hakumbuki, spana imeteleza tena, ngozi ya kidole imechunika, Mungu wangu, nguvu zimekwenda wapi, mikono hii ilikuwa inafunga viti vya magari kutwa nzima na jioni inacheza mpira... "Mume wangu ana gari kama hili," anasema Arlene. Kweli, mama? "Bovu kama hili hili. Usimwambie nimesema." Simwambii. "Siku aliyonipeleka ziwani, nilikuwa nimeshapanga kumwambia simtaki." Spana inasimama. Nini? anasema, au hakusema, labda alifikiri tu, kwani Arlene anaendelea kwa sauti ya mtu anayemenya viazi, "Mtu anaongea injini, injini, toka Lansing mpaka ufukweni, nami nasema moyoni, tukifika tu namwambia, napanda basi narudi kwa mama. Mara mvua. Na kioo cha upande wangu hakipandi, kishikio kilitoka tangu gari liko kwa mwenyewe wa kwanza. Basi yule mjinga akavua koti lake, akalibandika pale dirishani, akalishikilia kwa mkono huu, usukani kwa mkono ule, njia nzima, shati limemganda, midomo ya buluu, na bado anaongea injini!" Anacheka, kicheko kile kile cha msichana, na Delbert amekodolea macho chuma kilicho juu ya pua yake akitafuta mvua hiyo, akitafuta koti, hakuna, ana vijana wa petroli, ana nywele zinapepea, mvua hana, miaka yote hii hakuwa nayo, iko kwake, kwa huyu anayesemwa hana kitu kichwani... "Kwa hiyo, mama," anauliza, "hukumwambia?" "Kumwambia nini?" "Kwamba humtaki." "Aa," anasema Arlene, "nilisahau." Nilisahau, machozi hayana pa kwenda mtu akilala chali, yanaingia masikioni, yaingie, kumbe halikuwa gari, kumbe hata likiwaka leo, likanguruma likatikisa mtaa, Arlene hakuipenda ngurumo hiyo hata siku moja, basi atampigia Gwen, atamwambia aikubali ile nafasi, nimechoka, mwanangu, nimechoka na si aibu, naye atakuwa anakwenda kila siku baada ya chakula cha mchana, wakimuuliza mlangoni wewe ni nani wake atasema mimi ndiye fundi wake, na atakaa, na atasikiliza, nani ajuaye kuna nini kingine mle ndani ambacho yeye hakuwahi kuambiwa... "Fundi, we una mke?" Ninaye, mama. "Anakutesa?" Hanitesi. "Mwongo mkubwa wewe," anasema Arlene kwa furaha, anaufungua mkoba wake, anaufunga, na Delbert anairudisha spana kwenye bolti, bila kuivuta, anasikiliza.