Maji ya Dafu

Mwaka ule wa hamsini na mbili maji ya bahari yalipanda na mto Ruvuma hadi visimani, na mtungi wa Bibi Skolastika ukawa na maji ya chumvi tupu. Ndiyo maana alfajiri mjukuu wake wa siku tatu alipoanza kukata roho, Bibi aliutazama mtungi akaudharau. Padri yuko mbali. Mkristo yeyote aweza kumbatiza anayekufa, ndivyo alivyofundishwa. Lakini kumkabidhi Mungu mtoto kwa maji yanayotapisha?

Akamwita jirani yake Mwasiti, Mwislamu, naye akaja mbio na dafu na panga. Bibi akammiminia mtoto kichwani mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akamwita Rafaeli. Mtoto akatulia, na hakupumua tena.

Asubuhi mwalimu wa dini, Otmari, alifika na jembe begani, apime kaburi ndani ya ua wa kanisa. Akauliza kwanza, kama ilivyo desturi: maneno gani, maji gani?

"Dafu," Bibi akasema, kwa fahari kidogo. "Bichi, mwalimu. Limepasuliwa mbele ya macho yangu."

Mwalimu akalishusha jembe polepole. "Mama, dafu ni tunda. Ubatizo ni maji."

"Yaliyokuwepo ni ya chumvi!"

"Hata ya bahari yangefaa."

Mtungi ulikuwa palepale, hatua mbili kutoka kitandani.

"Basi mbatize sasa."

"Maiti habatizwi, mama. Itabidi alale nje ya ua. Hatateswa. Ila kuuona uso wa Mungu..." Mwalimu akajifuta jasho, ingawa jua lilikuwa bado. "Ndivyo nilivyofundishwa. Mimi nifanyeje?"

Mwasiti alishindwa kuvumilia. "Kumbe Mungu wenu anaonja maji kwanza!"

"Nyamaza, Mwasiti," Bibi akamkemea.

"Nanyamaza. Lakini dafu ni langu. Kama kuna kosa, na mimi nimo."

Bibi akakaa chini, kwenye mchanga. "Mwalimu, si wewe uliyetusomea habari za Yona? Alivyonuna yeye, Mungu alipouhurumia ule mji mbaya. Mungu alimwambiaje?"

"Kwamba mna watu humo zaidi ya laki moja na ishirini elfu, wasiojua mkono wa kulia wala wa kushoto."

"Na nini tena?"

"Na wanyama wengi."

"Hata ng'ombe wao aliwahesabu. Huyu wangu hakujua hata kama ana mikono. Nitafutie humo, baba, mahali Mungu aliposema: huyu wa dafu simtaki."

Mwalimu akakwangua udongo kwenye jembe. "Sijapaona."

"Na aliposema anamtaka?"

"Napo sijapaona, mama."

Walimzika nje, lakini mwalimu alichimba karibu na ua kiasi kwamba jembe lilikuwa likikata mizizi ya minyaa ya uzio. Zaidi ya hapo hakuthubutu.

Bibi aliporudi nyumbani, binti yake Adelina, mama wa mtoto, alikuwa amelala mkekani, maziwa yamelowesha kanga.

"Mama, wamemlaza wapi?"

"Karibu kabisa na ua, mwanangu."

"Upande gani?"

Bibi akaitazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto.